Kaka wa Ukutani

9 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na zile ngazi za uani? Na masikio, yamerudi hata kidogo au bado yamesusa? Mimi ni mzima, ila mafua ya huku hayana adabu, yanaingia bila hodi na kuondoka yanapotaka. Najua utaanza kulalamika kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Vumilia. Tangu masikio yako na simu viache kupikika chungu kimoja, mkono wangu umerudi darasa la kwanza.

Nina habari nzuri. Unajua kwamba siku hizi sipigi picha za harusi peke yake. Kuna ghala la zamani la karatasi hapa mjini limegeuzwa jumba la maonyesho, na wamenipa ukuta. Ukuta mzima, mama, wangu peke yangu. Maonyesho nimeyaita "Wasiokuwepo". Nimekwenda kwa familia mbalimbali kuomba picha ambazo kuna mtu anakosekana, baba aliyekuwa safarini, bibi aliyefariki kabla ya harusi, kisha nikakaa na simu yangu na ile programu ya akili bandia niliyokueleza, nikamrudisha huyo mtu mahali pake. Naipa mashine uso, naieleza mwanga unatoka upande gani na mtu awe na umri gani, nayo inanipa mtu. Mara nyingine inanipa mtu mwenye vidole sita, basi namrudisha akatengenezwe upya. Usidhani ni mteremko. Kumpata aliye sawa ni kazi ya mchana kutwa, na shingo inauma vilevile kama ilivyokuwa ikikuuma wewe.

Sasa sikiliza. Picha ya katikati, ile kubwa kuliko zote, ni ya kwetu. Nilipokuja likizo niliipiga kwa simu picha ya kaka iliyo ukutani sebuleni. Nimeipa mashine nikaiambia imkuze hadi miaka arobaini na mmoja, umri ambao angekuwa nao mwaka huu. Nikamsimamisha kati yako na baba, kwenye ile picha yenu ya mbele ya studio, baba akiwa na kofia. Nimekuchapishia nakala, imo humu kwenye bahasha. Mtazame, mama. Mimi nililia, sikufichi. Paji la uso ni la baba, au nimejidanganya?

Tunafungua tarehe 20 Aprili. Niandikie upesi uniambie umeonaje.

Mwanao,
Kinda

---

1 Februari

Kinda wangu,

Marahaba, mara mia. Magoti yapo, kazi yao siku hizi ni kutangaza mvua. Masikio yamestaafu bila kuniaga, simu siisikii kabisa, na aliye mbele yangu namsikia akinisemea karibu na kwa sauti. Hayo mafua yako ni ya kutembea kichwa wazi, na ukinibishia nitajua umekua kimo tu. Barua imefika salama, imekunjwa pembe moja, na mwandiko ni wa kuku kweli, ila kuku aliyesoma.

Huyo mfanyakazi wako asiyekula wala asiyeomba ruhusa amenichekesha. Vidole sita si kitu. Mimi nilishawahi kumpa bwana harusi nyusi za mkewe, maana negativu zao, zile filamu ambazo nyeupe huonekana nyeusi, zilikuwa zimelala pamoja mezani nikachanganya, na baba yako alicheka hadi akakaa sakafuni. Watu wanadhani kudanganya kwa picha kumezaliwa na simu. Nilikuwa na kiti changu nyuma ya pazia, mbele yangu kioo chenye taa chini yake, negativu juu ya kioo, na penseli nimeichonga mpaka ncha inachoma. Chunusi naondoa. Makunyanzi napunguza, lakini siyamalizi, kwa sababu mtu akijiona kijana mno huirudisha picha akisema si yake. Huku mbele namsikia baba yako na kelele zake, "Kidevu juu, hapo hapo, usipumue." Yeye akimkamata mtu, mimi namsafisha. Yeye wakamwita Bwana Picha. Mimi wakaniita Mama Penseli, na aliyeanzisha jina hilo ni mteja niliyemwondolea kidevu cha pili.

Nakumbuka sana siku zile, Kinda. Nikipita mahali penye harufu ya siki nasimama, kwa sababu dawa za chumba cha giza zilinuka hivyo. Wewe ulikuwa ukiingia mle ndani na kuiita taa nyekundu "jua la ndani", ukikatazwa kugusa trei unagusa, kisha unakana huku vidole vinatoa harufu. Leo hapo mbele pa studio pana bwana anayeuza makava ya simu na chaja. Mstaarabu, lakini ameutoboa ukuta wangu misumari kumi na saba. Nimeihesabu.

Picha uliyoniletea nimeiona. Umeifanya kwa mkono mzuri, vivuli vya pua vinaangukia upande mmoja, na hilo ndilo hushinda wengi. Lakini nakuomba, hiyo usiitundike. Una nyingine nyingi, weka nyingine hapo katikati. Mwache marehemu apumzike.

Kula vizuri. Usinijibu kwa hasira.

Mama yako

---

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Mafua yamekwisha na kofia nimenunua, kwa hiyo hapo umeshinda. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeona nijibu kabla sijaanza kununa, ingawa nadhani nimechelewa.

"Mwache marehemu apumzike." Tangu lini, mama? Unamkumbuka yule mjane aliyekuja na picha ya mumewe iliyochanika, akitaka asimame naye? Nilikuwa chini ya meza nikiokota vipande. Ulimkata yule bwana kuzunguka mabega, ukasugua kingo kwa msasa mpaka zikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ukambandika pembeni ya mkewe, na baba akaipiga upya. Mtu aliyekuwa kaburini miaka mitatu akasimama ameshikwa mkono. Yule mama alipoiona alikushika viganja vyote viwili. Hukumwambia kwamba marehemu apumzike. Kazi hii nimeirithi kwako, nami naifanya kama ulivyoifanya, ila mkasi wangu umo ndani ya simu.

Na huyu ni kaka yangu. Wenzangu walikuwa na kaka wa kuwapigania shuleni, mimi nilikuwa na wa ukutani. Nilipofeli hesabu nilimwambia yeye kabla yako. Asubuhi ile ya kuondoka nilipanda kiti nikabusu kioo chake, nawe ukanisema kwamba nimekiacha na mafuta ya midomo. Nina haki naye, hata kama ni ndogo kuliko yako.

Tena mambo yamekwenda mbali. Msimamizi wa maonyesho amempenda kuliko picha zote, amemchagua awe kwenye bango. Mabango yatabandikwa kwenye vituo vya mabasi na kuwekwa mtandaoni, na chini yake kutakuwa na maneno haya: "Kaka yangu, aliyefariki akiwa na miezi kumi na mmoja. Hivi ndivyo angekuwa leo." Nimesubiri ukuta huu miaka kumi na minne, mama. Siwezi kumwambia mtu aliyenipa nafasi hii kwamba mama yangu hataki, basi. Nipe sababu, nami nitaitoa siku hiyo hiyo.

Mwanao anayekupenda hata akinuna,
Kinda

---

16 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui kama ile barua ilikufikia. Nimempigia jirani simu, anasema u mzima, unaanika nguo na kuitikia salamu. Kwa hiyo si ugonjwa, ni mimi.

Mabango yamechapishwa. Yamewekwa stoo hapa, yanasubiri tarehe 13 ndipo yaanze kubandikwa. Jana niliyafungua kuyaona, nikamwona kaka amerundikwa pale mara mia mbili, nikakukumbuka.

Ukiwa umenuna, nuna kwa maandishi. Kimya chako kinanishinda.

Kinda

---

27 Machi

Kinda,

Marahaba. Mimi mzima, na jirani amesema kweli, ila hakukuambia kwamba nguo nilizokuwa nikianika ni zile zile. Nilikuwa nazifua zikiwa safi ili mikono isipate nafasi ya kushika kalamu. Ningeweza kumwomba akupigie simu akueleze. Lakini jambo hili siwezi kulipitisha kwenye kinywa cha jirani.

Uliomba sababu. Mtoto wa ukutani si kaka yako.

Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kaka yako alizaliwa, nilimnyonyesha, na homa ikamchukua akiwa na miezi kumi na mmoja. Hayo yote ni kweli. Lakini hakuwahi kupigwa picha. Nyumba imejaa kamera na mtoto hana picha hata moja. Mganga hajigangi. Baba yako alikuwa akisema filamu ni za wateja, tutampiga akitimiza mwaka, akiweza kukaa mwenyewe bila kushikwa. Zilibaki siku ishirini na sita.

Mwezi uliotangulia alikuja mwanamke na mtoto wa umri ule ule. Alimpakata, baba yako akapiga picha moja, wakaondoka, na yule mama hakurudi kuichukua. Unalikumbuka lile sanduku la picha zisizochukuliwa. Basi negativu yake ililala humo, kwenye bahasha niliyoiandika jina lake kwa mkono wangu. Baada ya mazishi nilirudi kwenye kiti changu siku ya tisa, kwa sababu kukaa bure kulinishinda. Nikaifungua ile bahasha. Mtoto alikuwa anacheka. Nikachukua ile rangi nyekundu tuliyotumia kuziba sehemu za negativu tusizozitaka, nikamfunika yule mama, kuanzia kichwani hadi vidole vilivyomshika mtoto kiunoni. Kisha nikachukua penseli. Nikampa mtoto kidevu cha kaka yako, nikazipunguza nyusi, nikamwekea kishimo kwenye shavu la kushoto. Nilichukua siku nne. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na sisemi hivyo kwa kujivuna.

Baba yako aliikuta picha ikielea kwenye trei ya maji. Akasimama pale, nami nikasubiri aseme. Akaitoa, akaikausha, akaenda kununua fremu. Hatukulizungumza jambo lile mpaka anaingia kaburini. Ulipoanza kuongea ukauliza, "Huyu nani?" yeye ndiye aliyekujibu, nami nikanyamaza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka arobaini.

Kama ingeishia hapo ningekufa nayo. Lakini miaka tisa iliyopita, mwaka mmoja baada ya baba yako kuondoka, alihamia mtaani fundi cherehani, duka la tatu kutoka kwetu. Wewe ulikuwa umeshakwenda huko. Wiki yake ya kwanza akabisha hodi. Akaniambia mama yake alifariki yeye akiwa mdogo hata kutembea hajatulia, akalelewa na bibi mbali na hapa. Bibi huyo alikuwa amemwambia kwamba waliwahi kupigwa picha kwa Bwana Picha, yeye na mama yake, na mama akaugua kabla ya kuifuata. Hakuna picha nyingine ya yule mama duniani. Sura yake haijui. Akaniuliza kama tumehifadhi vitu vya zamani, akalitaja jina. Lilikuwa lile la kwenye bahasha.

Nikamwambia unyevu umekula negativu zote.

Akanishukuru, Kinda. Akasema hata hivyo ahsante kwa kunisikiliza, mama. Na mwezi uliofuata alipokuja kupima dirisha la sebuleni ashone mapazia, alisimama chini ya picha yake mwenyewe, tepu ikiwa shingoni, akasema, "Mtoto mzuri huyu. Ni wako?" Nikasema ni wangu.

Sasa umemtuma mfanyakazi wako amkuze, naye amemkuza sawasawa. Nilipofungua bahasha yako nilimwona fundi amesimama kati yangu na marehemu mume wangu. Penseli yangu imempotezea kidevu, lakini macho ni yale. Hapa mtaani kila mtu ana simu. Unataka kumbandika mtu hai vituoni na kuandika chini yake kwamba amekufa, naye atajiona.

Itoe, mwanangu. Barua hii nampa abiria anayesafiri kesho, nimemwapisha aiweke mkononi mwako. Uniwie radhi ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Mama yako

---

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ipo, ingawa leo imetoka kwa shida.

Yule abiria alinikuta tarehe 11. Nilisoma barua nimesimama mlangoni, na sikukaa kama ulivyoniambia. Kesho yake nikaenda kwa msimamizi, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema bango na picha ya katikati ndivyo vilivyobeba maonyesho, na siku nane hazitoshi kuanza upya. Mabango yote mia mbili yamekatwakatwa, nimeyakata na mimi mwenyewe. Ukuta amepewa mwenzangu anayepiga picha za madaraja. Mimi nimeambiwa labda mwakani, na unajua "labda mwakani" ni mtoto wa "hapana". Nimeumia, lakini si kwa ajili ya ukuta tu.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Kila siri yangu ya utotoni nimemwambia fundi cherehani. Nilifikiri ningekuandikia barua ya matusi, nikaianza, nikakumbuka ulivyozirudia nguo safi kuzifua, nikaichana.

Acha nikuambie kilichonikosesha raha kabisa. Mimi kazi yangu ni kurudisha watu kwenye picha. Na katika picha kubwa kuliko zote kulikuwa na mtu amefunikwa, na mimi sikumwona. Juzi nimeifungua tena ile niliyoipiga kwa simu sebuleni, ile ya mwanzo kabisa, kabla sijaigusa, nikaikuza. Pale kiunoni mwa mtoto rangi yako iliruka padogo sana. Kuna kitu kama kivuli. Nilikiona tangu siku ya kwanza, nikadhani ni mkunjo wa nguo umeharibika, nikapitisha kidole juu ya kioo cha simu, programu ikakifuta vizuri kabisa, isibaki hata alama. Mama, ni ncha ya kidole chake. Ulimfunika akabaki ukucha, na huo ukucha nikaumalizia mimi.

Kwa hiyo hata mimi sina pa kusimama nikakunyooshea kidole.

Umeandika kwamba ulimfunika. Hukuandika kwamba ulimkwangua. Kama negativu ipo, mpe mwenyewe. Usinisubiri nije, na usimtume mtu.

Na uniambie jambo moja. Kaka yangu alifananaje? Nimemlilia mtu aliye hai maisha yangu yote, na yule aliyekufa kweli simjui kabisa.

Kinda

---

11 Mei

Kinda wangu,

Marahaba, na hiyo ya shida nimeipokea kwa mikono miwili. Magoti leo yametulia. Nimekula, nimelala, sina cha kulalamikia upande wa mwili.

Negativu ilikuwepo. Sikuikwangua, kweli. Nilishika kiwembe siku ile, mkono ukakataa, nikachukua brashi. Rangi yenyewe ni ya maji. Miaka arobaini, na ilitoka kwa robo saa, kwenye bakuli la maji ya vuguvugu na pamba. Vilitoka vidole, kikatoka kiganja, likatoka bega, uso ukawa wa mwisho. Penseli niliiondoa kwa pamba yenye tapentaini. Nimezoea kusoma sura kwenye negativu kama wewe unavyosoma gazeti, kwa hiyo nilimwona mtoto akigeuka kuwa wa mwenzangu mbele ya macho yangu. Kishimo cha shavu kilipotoka nililia kwa sauti, maana kile kilikuwa cha kwetu.

Chumba cha giza sina tena, kimekuwa stoo ya chaja. Nikampelekea bwana wa makava. Akaibandika negativu kwenye kioo cha dirisha, akaipiga kwa simu, akabonyeza mahali, nyeusi ikawa nyeupe. Kisha akasema, "Subiri mama, nimng'arishe uso kidogo." Nikamkamata mkono. Nadhani hajawahi kukamatwa mkono na bibi kizee kwa nguvu namna ile. Akaichapisha ilivyo.

Nilikwenda kwa fundi saa nne asubuhi.

"Shikamoo mama," akasema. "Mapazia yamechanika?"

"Hayajachanika. Acha cherehani kwanza."

Nikampa. Hakumtazama mtoto hata kidogo. Alimtazama yule mwanamke, na mguu wake bado uko kwenye kanyagio.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Nilikuja kukuuliza."

"Ulikuja."

"Ukaniambia unyevu."

"Nilikudanganya. Yule mtoto uliyemsifu ukutani kwangu ni wewe. Nilimfunika mama yako ili uwe wangu."

Akainuka, akaenda na picha mlangoni penye mwanga. Nilijua atanifukuza, nami nilikuwa tayari, nilikuwa nimekwenda na viatu vya kufukuzwa. Akaisogeza karibu na macho. Kisha akasema, "Alikuwa anashona."

Nikamuuliza amejuaje.

"Kola hii si ya mashine. Ni mkono. Tazama mishono hailingani, hapa aliharakisha, hapa alirudia. Bibi hakuniambia kama mama alikuwa anashona." Akarudi kwenye kiti chake, akanigeuzia mgongo. "Nenda nyumbani, mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya kunitukana. Nikaenda.

Siku kumi na moja hakunisalimia. Akipita anatazama mbele, nami sikumlaumu. Jana alikuja akasimama mlangoni, kuingia hakutaka. Akauliza kama ni kweli binti yangu anaweza kumkalisha mtu pamoja na mwingine kwenye picha. Anataka akae kando ya mama yake, akiwa na umri wake huu huu na suti aliyoishona mwenyewe. Nikamwonya kwamba mama ataonekana mdogo, kama binti yake. Akasema anajua, ameshawaza hilo. Nimekubali kwa niaba yako bila kukuuliza, na picha zote mbili, ile ya mama yake na yake ya sasa, zimo humu. Ila sikiliza vizuri. Uso wa yule mama asiuguse mtu wala mashine. Na huyo mfanyakazi wako akitaka kunyoosha mishono ya kola, mwambie akome.

Ukutani sebuleni hapana kitu sasa. Jirani ameuliza nimeipeleka wapi picha ya mtoto, nikamwambia nimemrudishia mwenyewe.

Uliniuliza kaka yako alifananaje. Nimekaa na swali lako siku nyingi kuliko barua hii inavyoonyesha. Sikumbuki, Kinda. Kila asubuhi kwa miaka arobaini nimemtazama mtoto wa mwenzangu, na wangu akafutika chini yake. Nikifumba macho anakuja yule wa ukutani. Kidevu na kishimo vilikuwa vyake, lakini hivyo viwili havinipi uso. Hiyo ni adhabu yangu, wala simwombi mtu aniondolee.

Ninacho kitu kimoja. Wiki moja kabla ya homa nilimpeleka kliniki wakampima, akawa kilo nane na nusu. Tangu mwaka ule, nikienda dukani naomba nipimiwe mchele kilo nane na nusu, si nane wala si tisa, naubeba kwa mkono wa kushoto hadi nyumbani, na siupumzishi njiani. Muuza duka anadhani ni ubahili wa uzee. Hata baba yako hakujua. Ukija likizo tutakwenda wote, na tukitoka pale nitakupa umbebe.

Mama yako